Jeneza nililopiga vanishi Malaba

Leo mteja ameniuliza kama mashine yangu ya kupulizia lori rangi inaweza kupiga vanishi. Nimekumbuka jeneza moja.

Miaka ya sabini, hapa Malaba mpakani, mama mmoja kutoka Uganda aliniuliza hivyo hivyo. Alikuwa na jeneza la mbao lisilopakwa kitu.

Vanishi ilikuwa nzito, ikaziba mashine. Nikaizimua na thina, nikajaribu kwa ubao. Ikakubali.

Nikashika kifuniko nipulizie kingo.

"Usifungue, fundi."

"Mama, kuna mtu ndani?"

"Kuna koti la mume wangu. Wanajeshi walimchukua. Mwili hatukupewa."

Nikapulizia nje pekee.

Ilipokauka tulilibeba sisi wawili hadi barabarani. Lilikuwa jepesi sana.

Nyinyi mngemwambia nini?