Daftari Langu Limemponza Mama Zuhura

Wenzangu, leo nimemfungisha mtu kwa kalamu yangu.

Si mnajua tumepewa utafiti: kwa nini sabuni imeadimika madukani? Nikaenda Kariakoo kwa Mama Zuhura, jirani yetu wa Magomeni, anayeuza kanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Uliza tu, wewe si wa kuogopwa."

Akanieleza yote. Sabuni anaificha chini ya kanga, anaiuza kwa siri kwa bei ya juu kuliko ya serikali. Anaipata kwa nani, anamuuzia nani.

Nikaandika kila neno, tena kwa furaha.

Mara mgambo wakaingia, wako kwenye msako wa walanguzi. Wakapekua juu juu, wakakosa. Walishafika mlangoni.

Mmoja akageuka. "Na wewe unaandika nini?"

Nikajibu mimi ni mwanafunzi wa uchumi na fedha, chuo kikuu. Nakiri, nilijibu kwa majivuno kidogo.

Akachukua daftari, akasoma ukurasa mmoja, kisha akaenda moja kwa moja kwenye kanga.

Mama Zuhura hakunitukana. Alipopitishwa mbele yangu alisema tu, "Nilidhani naisaidia shule yako."

Nikawafuata hadi kituoni, nikaeleza kwamba ule ni utafiti tu. Wakanipa kiti, wakanishukuru kwa uzalendo.

Daftari wamebaki nalo. Mama naye wamebaki naye.

Jioni nimemweleza mhadhiri. Amenisikiliza vizuri, akaniongezea wiki moja nitafute mfanyabiashara mwingine.

Niambieni, nani kati yenu angekwenda kwa huyo mwingine?