Mtoto wa Dari

Nikimkumbuka mama, namwona amesimama mlangoni, kati ya chumba cha kupikia na sebule, uso ameuinua juu, leso mkononi. Anapepea dari kama mtu anayefukuza nyuki, huku anabembeleza: "Haya, nyamaza. Nyamaza sasa. Hakuna kitu."

Aliyekuwa akibembelezwa ni kengele ya moshi. Mama aliipa jina, mtoto wa dari.

Ililetwa na kaka yangu, ambaye anafanya kazi Nairobi, ya kutunza nyumba za kukodishia wageni. Huko kila chumba kina kengele yake. Hapo awali mama alipikia kwenye kibanda cha mbao nje ya nyumba, na mchana mmoja akiwa shambani kibanda kiliteketea, yakabaki mawe matatu na mabati yaliyojikunja. Tangu siku hiyo kaka hakutulia. Mama alikuwa akiishi peke yake pale juu, mbele ya Kinoru, mahali ambapo ukungu wa Julai huingia hadi kitandani. Mimi niko Embu, mtaa wa Majimbo, nashona nguo. Nilimsihi ahamie kwangu, akasema Embu kuna joto la kuozesha maziwa. Basi kaka akamwekea gesi ndani ya nyumba, na juu ya mlango akapigilia kile kidude cheupe.

Hapo ndipo alipokosea mahali, maana mvuke wote wa mapishi hupitia mlango ule. Watu husema kengele kama ile inanusa. Hainusi chochote. Ndani yake mna kijumba cha giza na mwali mwembamba wa mwanga, na kitu chochote kikiingia kikautawanya ule mwali, inapiga yowe. Kama ni nyumba inayoungua au sufuria ya githeri iliyofunuliwa, yenyewe haijui. Ililia mama alipochemsha maziwa. Ililia alipofagia, kwa sababu ya vumbi. Kuna wiki ililia ovyo bila sababu, na kaka alipokuja kuifungua akakuta mdudu mdogo amejifia humo ndani. Debe tupu haliachi kuvuma, nami niliichukia tangu mwanzo.

"Hii kitu yako inalia kama mtoto anaota meno," mama alimwambia kaka kwa simu, nami nimeketi kando yake nikimenya viazi. "Nikifunua sufuria, inalia. Sasa nikule chakula baridi?"

"Mum, please, usiitoe. Afadhali ilie bure kuliko inyamaze siku ya moto."

"Sijasema nitaitoa. Nimesema inanisumbua."

Hakuitoa. Mama hakuwa mtu wa kutupa kitu alicholetewa na mwanawe.

Baridi ilipokaza mwaka ule, alifanya kama wafanyavyo watu wote wa huku kwetu. Aliwasha jiko la makaa uani, akaacha upepo ulichochee, na makaa yalipoiva akaliingiza sebuleni aote. Tumelelewa hivyo. Makaa meusi yana moshi, yanaua. Makaa mekundu yamekwisha moshi, hayana neno. Kila nyumba huku inajua hivyo, na hakuna aliyewahi kumuuliza mwenzake amejuaje.

Mara ya kwanza aliliingiza mapema, na mtoto wa dari akapiga kelele. Mama akalirudisha nje, akangoja, akaliingiza tena. Kimya. Nilipomtembelea alinionyesha mambo hayo kwa fahari, kama mtu aliyemfundisha ng'ombe mkaidi kusimama akikamuliwa.

"Nimejua kazi yake sasa," alisema. "Inanipimia jiko. Ikilia, natoa. Ikinyamaza, hiyo ni safe, nafunga mlango."

Tulicheka. Nilifurahi, hata nikampigia kaka nimwambie wawili hao wamepatana. Akasema, "Si niliwaambia?"

Jirani aliyekuwa akimpelekea mama majani ya ng'ombe ndiye aliyemkuta. Ilikuwa asubuhi, jua limeshatoka, na ng'ombe alikuwa akilia kwa kutokamuliwa. Dirisha lilikuwa limefungwa, na chini ya mlango mama alikuwa amesokota gunia kuzuia upepo. Alikuwa kwenye kiti chake, leso mapajani, kichwa kimeinama upande. Jiko lilikuwa miguuni pake, limebaki majivu. Juu ya mlango kataa kadogo ka kengele kalikuwa kakimetameta, kakiarifu kwamba ni nzima, haina kasoro.

Daktari alitueleza. Makaa mekundu hutoa hewa isiyo na rangi wala harufu, inayomlaza mtu polepole bila yeye kujua. Hewa hiyo haiutawanyi ule mwali. Kengele ya moshi haiwezi kuiona, haikutengenezwa kwa ajili yake. Kuna kengele nyingine kabisa ya kazi hiyo. Kaka alitazama sakafu wakati wote. Nilitaka kumkasirikia, nikakosa pa kuanzia. Alikuwa amemlinda mama na moto, na moto haukuja.

Siku za matanga wanawake walijaa nyumbani. Kwa vile mvua ilinyesha, githeri ikapikiwa ndani, kwenye gesi. Mmoja akafunua sufuria kubwa, mvuke ukapanda, na mtoto wa dari akaanza.

Wanawake wote waliinua macho darini. Kaka alifunika uso kwa mikono yake. Hakuna mwingine aliyejua la kufanya, kwa hiyo nikainuka, nikaichukua leso ya mama penye kiti chake, nikasimama mlangoni na kupepea. Nilifungua mdomo kuibembeleza kama alivyofanya yeye, lakini "hakuna kitu" ilikataa kutoka. Nikaendelea kupepea tu, nayo ikaendelea kulia.