Shangazi Mbele ya Kompyuta

Mama hakuwa mtu wa kupiga simu. Alikuwa mtu wa kubipu, halafu ukimpigia anauliza kuna nini. Kwa hiyo siku aliponipigia kwa vocha yake mwenyewe, nikiwa ofisini Tunduma katikati ya makaratasi ya malori, nilijua kuna msiba au kuna aibu. Ilikuwa aibu.

"Mwanangu, mficha uchi hazai," alianza, kwa sauti ya chini kama yuko kanisani. "Kile kitu chako kina mambo."

"Kitu gani, mama?"

"Hicho cha mezani. Njoo Jumamosi hii ukiangalie, kabla mdogo wako hajaondoka."

Kitu cha mezani ni kompyuta niliyoinunua Nakonde, ng'ambo ya mpaka, ikiwa imeshatumika lakini nzima. Wazazi wangu walikuwa wakulima wa kahawa na mahindi kule Ruanda, Mbozi, na umeme ulipofika nyumbani niliona mdogo wangu wa mwisho, aliyekuwa kidato cha nne, apate cha kusomea. Nilimnunulia na modemu, kile kijiti cha intaneti kinachochomekwa ubavuni. Mama aliifunika kompyuta kwa kitambaa cha kufuma, kama alivyokuwa akiifunika redio, na wageni wakija alikiondoa ili waione.

"Mdogo wangu anaondoka kwenda wapi?"

"Ikinga, kwa mama yako mdogo. Akamsaidie kulima. Shule basi."

Nilimwomba anieleze vizuri. Alikuwa anafuta vumbi, akagusa kile kipanya, kioo kikawaka, na ndani yake kulikuwa na watu. Watu gani? Watu tu. Wanafanya nini? Akanyamaza mpaka nikadhani vocha imeisha. "Hawajavaa," akasema, na simu ikakatika. Sijui kama ni salio au ni yeye.

Baadaye nilijua yaliyofuata. Mama alimwita mdogo wangu akamuuliza, na mdogo wangu hakujibu. Hakukana wala hakukubali. Aliangalia miguu yake mpaka mama akachoka kuuliza. Kwa mama hilo lilikuwa jibu tosha, maana mtoto asiye na kosa hujitetea, na samaki mkunje angali mbichi. Baba alisema mashine iuzwe tu yaishe, akachukua jembe akaenda shambani. Mama akasema kuuza mashine hakumtakasi mtu, akaanza kupanga nguo za mtoto kwenye sanduku la bati.

Nilikasirika, sifichi. Mtihani ulikuwa umekaribia, na yule binti alikuwa na kichwa cha hesabu ambacho mimi Mungu alininyima. Kumtoa shule kwa kitu ambacho hakuna aliyekikagua! Nilimkasirikia mama kwa haraka yake, nikamkasirikia na baba kwa kwenda shambani. Nilikwenda Ruanda nikiwa nimejiapiza kwamba sitaondoka mpaka jambo lijulikane.

Nilipofika, hasira ilikutana na tatizo ambalo sikulifikiria nikiwa Tunduma. Kukagua kompyuta si kazi ngumu. Inaweka kumbukumbu ya kila ukurasa uliofunguliwa, na siku na saa yake. Lakini ni nani atakayekaa na mimi kuangalia? Mama alitaka kushuhudia kwa macho yake, asije akaambiwa baadaye kwamba nimemficha mdogo wangu. Papo hapo hakuweza kukaa na mwanawe aliyemzaa mbele ya mambo yale. Baba ndiyo kabisa. Kwetu baba na binti hata wakisikia tangazo la kondomu za Salama redioni, mmoja anakumbuka kwamba hajafunga mbuzi. Tukabaki watatu sebuleni tunakitazama kile kitambaa cha kufuma kana kwamba chini yake kuna nyoka.

"Aitwe shangazi," akasema mama.

Baba aligeuka kumtazama, akataka kusema neno, akaliacha. Akatoka kwenda kwenye kahawa yake.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba. Mambo yote ya mwilini katika ukoo wetu yalipita kwake. Yeye ndiye aliyetufunda sisi mabinti tulipovunja ungo, na yeye ndiye aliyeitwa ndoa zilipoyumba. Kwake hakuna neno lililokuwa chafu, ila kulisema mahali pasipo pake. Alikuja na kitenge begani na miwani imefungwa uzi, akiwa bado na vumbi la unga mikononi. Nikamwamkia.

"Marahaba. Kiko wapi?"

Nikamwonyesha. Hakuwahi kuigusa kompyuta maishani mwake. Alivuta kiti, akakaa, akaikazia macho kama anavyomkazia bwana harusi anayekuja kujieleza. Mama alikwenda jikoni na kufunga mlango, ingawa najua alibaki nyuma ya huo mlango.

Tulipanga hivi: mimi nisome majina na saa, shangazi aangalie picha kama zipo. Nikafungua kumbukumbu. Majina yalijitokeza yenyewe, wala hayakuhitaji tafsiri. Nilijaribu kuyaruka.

"Majina hayatoshi," shangazi akasema. "Isije ikawa tangazo la dawa tukamfukuza mtoto. Fungua moja."

"Shangazi..."

"Fungua, wewe geukia dirishani."

Nikabonyeza, nikageukia dirishani. Nje baba alikuwa anapindua kahawa kwenye chanja. Modemu ilichukua muda wake, na upepo wa Mbozi wa msimu ule ulikuwa unapenya chini ya mlango. Nikamsikia shangazi anavuta pumzi.

"He! Hawa watu hawasikii baridi?"

Nilicheka mpaka nikalazimika kushika meza. Yeye hakucheka. Alitazama kwa makini kidogo zaidi ya nilivyotarajia, kisha akasema, "Funga. Ni yenyewe."

Sasa zikabaki saa. Kurasa zote zilifunguliwa siku za Jumamosi, na mashine ilisema saa tisa alasiri. Jumamosi saa tisa mama yuko kwenye kikao cha kina mama wa kanisa, baba yuko mnadani, na mdogo wangu yuko nyumbani peke yake anajisomea. Saa kumi ndipo anapokuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Nikamweleza shangazi, maana singeweza kudanganya. Alivua miwani akaifuta kwa kitenge. Alikuwa anampenda sana yule binti.

"Soma tena," akasema.

Nikarudi juu kabisa ya orodha kuanza upya, na hapo juu kulikuwa na ule ukurasa alioutazama shangazi muda huo huo. Mashine ilikuwa imeandika kwamba umefunguliwa saa tano.

"Saa tano?" Shangazi akavaa miwani. "Saa tano mimi nilikuwa mashineni nasaga mahindi. Waulize waliokuwa kwenye foleni. Hiki kitu kinasingizia watu!"

Nikaangalia saa ya mkononi. Ilikuwa saa sita. Nikaangalia saa ya kompyuta, kule chini pembeni, nikajua.

Mtu wa Tunduma angejua mara moja. Nakonde ni hatua chache tu kuvuka, lakini saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa nzima. Kwa hiyo pale mpakani ukipanga kukutana na mtu lazima uulize, saa yetu au saa ya kwao? Watu hukosa mizigo kwa kutouliza. Muuzaji wa Nakonde aliiweka mashine kwa saa ya kwao, nami nikaibeba hivyo hivyo mpaka Ruanda, ambako hakuna aliyewahi kuiangalia saa hiyo kwa sababu ukutani ilikuwepo nyingine, na isitoshe ile ya kompyuta ilihesabu kizungu. Saa tisa ya mashine ilikuwa saa kumi ya nyumbani. Saa kumi mdogo wangu yuko kanisani anaimba, na kwaya nzima inamwona.

Nilifurahi, nikamshika shangazi mkono. "Siyo yeye! Shangazi, siyo yeye!"

Shangazi aliuachilia mkono wangu. Alikuwa anahesabu kimya kimya, na nilimwona anapofika. Nikahesabu na mimi. Saa kumi mama bado yuko kikaoni. Saa kumi mdogo wangu yuko kwaya. Saa kumi baba amesharudi kutoka mnadani, na ni yeye peke yake nyumbani.

Furaha ilinitoka. Niliona haya ambayo sijawahi kuiona tena, haya ya kumjua mzazi wako mahali ambapo mtoto hapaswi kumjua. Nilitamani ningeiacha saa ile ikae uongo. Halafu nikaliona sanduku la bati pale mlangoni, nikajua siwezi.

"Zima," akanong'ona shangazi. "Na usimwambie mama yako neno. Hili si lako."

Akatoka. Nilimwona kupitia dirishani akienda mpaka kwenye chanja, akasimama upande wa pili, mkabala na baba, naye akaanza kupindua kahawa. Walifanya kazi pamoja, wanachambua punje mbovu na kuzitupa chini. Sikusikia maneno, na hata hivyo yangekuwa ya lugha yetu ya nyumbani, Kinyiha cha wakubwa. Baba hakuinua kichwa. Shangazi alipomaliza alipangusa mikono, akapita mlangoni kwangu akasema tu, "Nimemwambia mkubwa ni jalala. Sasa tuone." Akaenda zake.

Mchana ule hakuna aliyekwenda mnadani wala kikaoni. Mama aliniuliza kwa macho, nikamwambia asubiri. Alikuwa mama yangu na nilikuwa namficha jambo la nyumba yake mwenyewe. Niliyaona masaa hayaendi.

Jioni tulikaa kula, ugali na maharage, wote wanne. Mdogo wangu alikuwa amekaa karibu na mlango, kama mtu ambaye hayupo tena. Baba alinawa mikono, lakini hakumega.

"Mama watoto," akasema, "toa nguo za mtoto kwenye sanduku."

Mama akamtazama.

"Yale mambo ni yangu. Ni mimi niliyekuwa nayaangalia." Alisema kwa Kiswahili, lugha ambayo mezani hakuitumia sana, labda kwa sababu kwa Kinyiha yasingetoka. "Nikaona mtoto anaponzwa nikanyamaza. Arudi shule Jumatatu."

Mama hakupiga kelele. Aliinuka, akaenda mlangoni, akapiga magoti mbele ya sanduku na kuanza kutoa sketi za shule moja moja, akizikunja upya juu ya mapaja yake. Alikuwa analia bila sauti. Baba alibaki na mikono yake yenye maji, haijamega kitu, na hakuna kati yetu aliyeweza kumtazama. Nilimwonea hasira, na nilimwonea huruma, na mpaka leo sijui ni ipi ilikuwa kubwa. Najua tu kwamba wanaume wengi niliowafahamu wangeliacha lile sanduku liondoke.

Usiku huo nililala na mdogo wangu kitanda kimoja, kama zamani. Nilitaka kumpa pole. Nikamwambia hata mimi nilishtuka, nani angedhani.

"Mimi nilijua," akasema.

Nikadhani sikumsikia vizuri.

"Siku moja nilisahau kitabu cha nyimbo, nikarudi kukichukua. Nikamwona kupitia dirishani. Yeye hakuniona."

"Na mama anakuuliza, unamwangalia tu? Mpaka anakufungia nguo? Kwa nini hukusema?"

Akajifunika blanketi mpaka kidevuni.

"Dada," akasema, "ningeanzaje kusema? Ni baba."