Kinga Nayo Ina Nauli

Mwanangu, siku niliyoaibika mkutanoni hapa Didia bado naikumbuka, na kwa kuwa umechaguliwa kwenye kamati ya afya, sioni haya kukusimulia.

Nilikuwa kijana, mjumbe wa serikali ya kijiji, mwepesi wa mdomo. Tulikuwa tumepata ruzuku ndogo ya afya, na wengi tulitaka yote iende kwenye bati za kuezekea baraza la zahanati, wanapongojea wagonjwa. Akasimama Mayu Kabula, yaani Mama Kabula, mkunga aliyetuzalishia nusu ya kijiji. Akaomba sehemu ya fedha hizo imlipie nauli muuguzi wa afya ya akili, aje kutoka Shinyanga kila mwezi, azungumze na watu kabla huzuni haijawa ugonjwa.

Nikacheka. "Mayu, mawazo hayana bajeti. Mwenye mawazo akalime."

Watu wakacheka nami. Mayu alinisogelea, akanivuta kando, akasema kwa sauti ya chini, "Masanja, mdogo wako Nkwabi amekula lini?"

Sikujua. Nkwabi alikuwa amerudi kutoka Geita baada ya duara, yaani shimo walimochimba dhahabu, kuporomoka na kumfukia mwenzake. Tangu hapo alijifungia ndani. Wengine walisema amelogwa. Mimi, kaka yake, nilimwita mvivu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

"Nilimpelekea uji jana," Mayu akasema. "Ameniambia amechoka kuishi. Kinga ni bora kuliko tiba, lakini kinga nayo ina nauli."

Nikarudi mbele ya watu nikasema nimekosea, na kwamba baraza la zahanati lingoje. Walinung'unika, kisha wakakubali. Siku hiyohiyo mimi na Mayu tulimpeleka Nkwabi hospitali mjini, na hatukumwacha peke yake. Mwezi uliofuata muuguzi akaanza kuja.

Haikuwa kazi ya siku moja. Lakini Nkwabi alipona, akalima pamba, akaoa. Leo vijana wakirudi kutoka machimboni kimya kupita kiasi, yeye ndiye huwatembelea kwanza. Baraza lilikaa misimu miwili bila bati, wala halikumuua mtu.

Basi, mwanangu, mkigawa fedha, afya ya akili isingoje makombo. Mtengeeni muuguzi nauli, muwafunze wahudumu wa kijiji, muwape watu mahali pa kusema. Usingoje mtu aokote kamba ndipo utafute fungu. Na kabla ya kwenda kikaoni, pita kwanza kwa ndugu yako, muulize kama amekula.

Mungu akupe sikio pana na ulimi mzito, na nyumba yako isikose wa kuibishia hodi.