Truite niliyopeleka ukweni Bwiza, wiki ambayo mukeke hakupatikana

Wakuu, nawasalimu kutoka Bujumbura. Hii si chai. Shahidi ninaye, hapa anakoroma pembeni yangu.

Ilikuwa miaka ya vita, mwishoni mwa tisini. Nilikuwa dereva wa mzungu mmoja wa misaada, anakaa Kinindo. Na nilikuwa nampenda Zainabu wa Bwiza, nataka kumuoa.

Shida ilikuwa baba yake.

Mzee aliuza mukeke sokoni. Kwake samaki ni wa Ziwa Tanganyika tu, wengine wote takataka. Na mimi aliniita mtu wa kuja, eti babu yangu alitoka Uvira.

Uvira, wakuu! Ukisimama ufukweni kwetu unaiona kwa macho, ng'ambo ya ziwa.

Wiki hiyo wanajeshi walizuia mitumbwi kutoka. Mukeke hakuna, mzee hana cha kuuza, amenuna. Bosi wangu naye akarudi kutoka Kenya na samaki kwenye barafu. Alikuwa amewavua mwenyewe kwenye mito ya baridi huko mlimani. Truite, alivyowaita. Akanipa mmoja mnene.

Nikajiona nimeshaoa. Mchana huohuo nikampeleka ukweni.

Mzee akamnusa mashavu, akamgeuza. "Uyu samaki ana madoadoa. Ni mugonjwa?"

"Apana, baba. Ndivyo alivyo."

Akampasua mgongoni kama mukeke, akakuta nyama ya pinki. Akamtia kwenye mkaa, akasubiri nyama iwe nyeupe. Haikuwa.

"Bado mubichi," akasema, akapepea tena.

Nilijua ameiva zamani, lakini nani atamsahihisha baba mkwe, tena muuza samaki? Ngozi ikawa nyeusi tii, ndani pinki ileile. Niliumia, wakuu.

Akauliza samaki huyo ni wa wapi hasa. Nikasema ukweli: zamani kule Kenya hakuwepo, wazungu ndio walimleta wakamtia mitoni.

Mzee akachangamka. "Kumbe na yeye ni wa kuja!"

"Ndiyo, baba. Ila amezaa kule, na wajukuu wake wamezaa."

"Wa kuja ni wa kuja tu."

Hapo nikajua Zainabu nimemkosa.

Mama Zainabu alikuwa pembeni anasonga ugali. Akasema bila kugeuka:

"Na we? Babu yako si alitoka Ujiji na mutumbwi wa chumvi? Mi niliolewa na nani?"

Watoto wa jirani wakacheka, mzee akawakodolea macho.

Kisha akabandua ngozi iliyoungua, akatoa kipande cha mgongoni, akakiweka kwenye sahani yangu.

"Kula, mutoto. Ijumaa ulete wazee wako."

Funzo: ukweni usitegemee samaki, tegemea mama mkwe.

Haya, nyie wenzangu mliitwa nani ukweni? Mwageni visa vyenu hapa. Na anayejua truite anaiva kwa dakika ngapi aseme, ila asimwambie mzee.