Mkaa Usio na Moshi

Watu wa Njombe hucheka wakisikia kwamba Kibaha nako kuna baridi, na wana haki ya kucheka. Sisi wa Pwani kipupwe hutukuta kila mwaka hatujajiandaa. Ukifika Julai, kusi inavuma, manyunyu yanaanguka alfajiri, nasi tunafunga milango na kuchemsha tangawizi. Mwaka huu, hapa Visiga, aliyetuchemshia wengi wetu alikuwa Sada Mwinyimadi.

Bi Sada alizaliwa Vihingo, wilayani Kisarawe, katika familia iliyoishi kwa kuchoma mkaa. Kabla hajajua kusoma, baba yake alikuwa amekwisha kumfundisha kuchagua: chukua vipande viwili uvigonganishe; vikilia kama chupa, huo ni mkaa wa mti mgumu, utawaka polepole na hautatoa moshi. Alipofiwa na mumewe alihamia huku kando ya Barabara ya Morogoro, na kwa miaka kumi na miwili aliuza chai mbele ya lango la yadi moja ya malori.

Hakuwahi kukwaruza tangawizi. Aliisugua udongo ukatoka, akaitwanga na maganda yake katika kinu kidogo pamoja na punje chache za pilipili manga, akaitia kwenye maji baridi, kisha akaiacha juu ya moto mdogo kwa saa nzima na zaidi. Majani ya chai yaliingia mwisho kabisa.

"Tangawizi haiharakishwi," alituambia. "Ukiiharakisha inakuunguza ulimi, halafu tumboni haifiki."

Tangu bandari kavu ya Kwala ianze kazi, kila mwenye yadi kwenye barabara hii anasubiri wageni wenye mtaji. Mwezi Juni msimamizi wa yadi, kijana nadhifu aitwaye Godbless, aliamuru majiko yaondolewe langoni kwa kuwa yanachafua sura ya mahali. Bi Sada akapewa chumba kilichokuwa stoo ya vipuri. Kilikuwa na dari ya ubao, dirisha la kioo lisilofunguka, na matundu ya hewa yaliyozibwa kwa saruji ili wezi wasichokoe vipuri. Walitoboa kidirisha cha mbao cha kupitishia vikombe, basi. Godbless alikitoa chumba hicho kama zawadi, na Bi Sada alikipokea kama zawadi.

Mimi hufundisha kemia katika shule ya sekondari iliyo ng'ambo ya barabara, na kila asubuhi nilipita kujaza chupa yangu ya chai.

"Shikamoo, Bi Sada."

"Marahaba, Mwalimu. Ingiza kichwa uote joto. Huko nje ni Ulaya, huku kwangu ni Tanga."

Nyuma yangu alisimama Maneno, fundi matairi wa yadi, mikono kwapani. "Mama, ukitoka humo utakuwa umeiva," alisema. "Sisi tutaleta limau na chumvi tu."

"Utangulie wewe. Nyama yako ngumu, inataka muda."

Madereva wakacheka. Bi Sada alinirudishia chupa, na nikaona anajishika paji la uso.

"Kichwa kinanigonga," alisema. "Kama kuna mtu anatwanga humu ndani. Nikinywa tangawizi kinatulia, baadaye kinarudi."

"Tangu lini?"

"Tangu nihamie humu. Tena Jumapili nikiwa nyumbani hakiumi. Nadhani ni kichwa kisichopenda kazi."

Madereva walicheka tena, nami nikacheka. Nina shahada ya sayansi na miaka ishirini na mmoja ya kufundisha, na nilicheka, nikafunga chupa yangu, nikavuka barabara.

Siku mbili baadaye nilikuwa nikiwaandikia wanafunzi wa kidato cha pili somo la mwako usiokamilika. Mkaa unaowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi, haina harufu, na huingia katika damu ikakalia nafasi ya oksijeni. Dalili yake ya kwanza ni kuumwa kichwa. Mgonjwa akitoka nje hupata nafuu, akirudi ndani huumwa tena. Nilipofika hapo chaki ilisimama ubaoni. Mwanamke yule alikuwa akijitibu kwa chai iliyochemshwa juu ya moto uleule uliokuwa ukimwua.

Kipindi kilipokwisha nilikwenda kumweleza. Alinisikiliza kwa adabu, huku akipepea jiko.

"Mdogo wangu," alisema, "mimi nimelelewa kando ya tanuri. Moshi naujua. Moshi ndio unaoua, hata baba alituambia tusilale upande unaokwenda moshi. Huu una moshi?"

"Hauna."

"Unanusa kitu?"

"Tangawizi."

"Haya."

Hakuwa mjinga, na simvumilii mtu anayesema alikuwa mjinga. Vihingo alipikia katika kibanda cha jiko cha udongo ambacho kati ya ukuta na paa pana uwazi wa kupitisha mkono. Elimu yake yote ya moto aliipata chini ya paa linalopumua, na kwa huko elimu hiyo ilikuwa sahihi. Asiyekuwa na udhuru ni yule aliyeziba matundu, akaweka kioo kisichofunguka, kisha akamwingiza mpishi. Nikamwendea ofisini kwake.

"Madamu, wageni wanakuja Alhamisi," Godbless alisema. "Wakiondoka tu, namleta fundi."

"Kutoboa matundu mawili ni kazi ya nusu saa."

"Ukuta umepakwa rangi juzi."

Nayaandika maneno hayo kama yalivyotamkwa, kwa sauti ya upole, na mtu aliyekuwa akinywa chai ya Bi Sada wakati anayatamka.

Nilirudi kwa Bi Sada nikamsihi, kama hataki kuniamini, basi anihurumie tu, aache mlango wazi. Alikubali kwa kunistahi. Kuanzia Jumatatu hadi Jumatano aliuegemezea jiwe mlango usijifunge, akajifunika khanga mbili, akalalamika kwamba nimemrudishia Ulaya ndani. Hata hivyo Jumatano, nilipomuuliza, alikiri kwamba kichwa hakikuuma.

Alhamisi ndiyo iliyokuwa asubuhi ya baridi kuliko zote. Manyunyu yalikuwa yakienda na upepo, na Bi Sada alikuwa ameagizwa chai ya wageni juu ya ile ya kila siku, kwa hiyo aliwasha majiko mawili. Maneno aliyaona yaliyofuata. Godbless alipita akikagua uwanja uliofagiliwa, akaona majivu yanapeperushwa kutoka mlangoni, akaliondoa jiwe kwa ncha ya kiatu, akauvuta mlango ukajifunga kwa kitasa. Kidirisha nacho aliagiza kisifunguliwe mpaka wageni wafike.

Nilifika saa moja kasorobo. Madereva wanne walikuwa wamesimama mbele ya kidirisha, mabega juu.

"Leo bibi kalala," mmoja alisema.

"Halali huyo. Anawapambia wageni vikombe, sisi wenyeji tunywe mvua."

"Bi Sada," Maneno aligonga ubao, "fungua basi, mwenzio nimeshakuwa samaki wa barafu."

Hakujibiwa. Nilisogea karibu, na nikanusa tangawizi inayoungua. Mtu anayeilea tangawizi saa nzima haiachi ikauke. Nilimwambia Maneno avunje mlango, naye, kwa kuwa aliuona uso wangu, hakuuliza.

Chumba kilikuwa cheupe na safi. Makaa yalikuwa mekundu katika majiko yote mawili, sufuria moja imekauka na kuwa nyeusi, na hewa ilikuwa angavu kabisa, hapakuwa na hata uzi wa moshi. Bi Sada alikuwa ameketi kwenye kigoda, mgongo ukutani, kinu mapajani, kama mtu aliyeambiwa asubiri kidogo. Maneno alimbeba hadi nje kwenye manyunyu. Alikuwa anapumua, kwa shida na kwa nafasi ndefu.

Godbless alikuja mbio. "Mpelekeni nyuma ya karakana," alisema. "Wageni wameshapita Maili Moja."

Maneno alimlaza Bi Sada katika gari dogo la mzigo la dereva mmoja, nami nikapanda nyuma pamoja naye. Langoni tulipishana na gari la wageni. Nilimsikia Godbless akiwaeleza, huku akitabasamu, kwamba ni mama mmoja wa chai, ana presha.

Hospitalini alikaa siku tatu, mbili kati ya hizo akiwa na oksijeni. Faudhia, binti yake, alikuja kutoka Vihingo. Siku ya tatu Bi Sada aliketi kitandani, akatutazama kwa zamu.

"Baba alinifundisha kila neno la mkaa," alisema, "akanificha moja."

Tulicheka kwa faraja. Daktari hakucheka. Alimwita Faudhia pembeni, akamwambia kwamba sumu ile huweza kumwacha mtu akaonekana amepona, kisha wiki kadhaa baadaye ikamrudia kichwani, wamtazame.

Wiki ya tano nilikwenda Vihingo, ambako Faudhia alikuwa amempeleka mama yake. Bi Sada alinipokea vizuri, akaitikia shikamoo yangu, akaniuliza ninafundisha nini. Baada ya muda akaniuliza tena. Kisha aliinuka, akasema mgeni hawezi kukaa bila chai, akateleka sufuria jikoni, akaketi mbele yake mikono magotini. Sufuria haikuwa na maji. Faudhia alikuja, akaiteremsha kwa mkono uliokwisha kuzoea, akachukua kiberiti akakifunga katika pindo la khanga yake.

"Jana mara tatu," aliniambia baadaye, njiani. "Usiku nalala mlangoni kwake."

Nilimuuliza Faudhia daktari anasemaje. Alisema daktari anasema huenda hali hiyo ikamtoka, huenda isimtoke.

Niliporudi Visiga nilikuta karatasi imebandikwa kwenye lango la yadi: anahitajika mama wa chai, chumba kipo, hakiingii baridi, chini yake namba ya simu ya Godbless. Nimepeleka barua mbili katika ofisi zinazohusika, na bado nasubiri majibu. Matundu hayajatoboliwa.

Jana asubuhi mwanamke mmoja alikuwa amesimama mbele ya karatasi ile, mtoto mgongoni, sweta moja wamejifunika wote wawili. Nilimsogeza pasipofikiwa na manyunyu nikamweleza habari yote ya Bi Sada, kuanzia kichwa hadi sufuria tupu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akasema pole sana. Kisha akatoa simu yake, akaniomba nimsomee namba.