Pango la Dada

Kila nikisikia harufu ya majani ya mkaratusi yakichemka, namwona tena dada yangu mkubwa amelala kwenye ngozi ya ng'ombe jikoni kwetu, kifua kikimkoroma.

Kila mama alipokwenda kuchuma chai, dada alinichezesha mchezo wa pango alioubuni mwenyewe. Yeye alikuwa akisema ninachokiona, nami nikisema ninachofanya.

"Uko pangoni. Mbele kuna maji, kushoto kuna kitu kinapumua."

"Nawasha taa."

"Huna kiberiti. Kile kitu kimekumeza. Anza upya."

Hakunihurumia hata siku moja, nami sikuwahi kufika mwisho.

Alasiri moja ya mvua alinishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Leo mimi ndiye niko ndani," alisema. "Niambie naona nini."

Niliogopa kumtajia kile kinachopumua. "Unaona mlango," nikasema. "Uko wazi. Nje kuna migomba yetu, na mama anarudi."

"Si rahisi hivyo," alisema, akatabasamu kidogo. "Haya. Natoka."

Nilimwuliza anaona nini huko nje. Kifua chake hakikukoroma tena. Nilikuwa bado ninamwuliza dada wakati mama alipoingia na kikapu chake mgongoni, akanisogeza kando.